Siku nne Bronx, kumtafuta chura wa Kihansi

Jumatatu

Semina ya walimu wa sayansi iliyonileta Marekani ilifungwa Washington juzi, na tiketi yangu ya kurudi Dar es Salaam ni ya Ijumaa usiku. Wenzangu wametawanyika, kila mtu na mipango yake. Mimi leo asubuhi nimepanda basi la New York kwa ajili ya mnyama mmoja ambaye hafikii urefu wa kidole changu gumba.

Dada, mtoto wa mama mkubwa, alikuja kunipokea. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili Bronx, anatunza wazee zamu ya usiku. Tukapanda treni namba 2. Katikati ya jiji inapita chini ya ardhi. Ikishaingia Bronx inapanda juu ya nguzo za chuma, na madirisha ya ghorofa za watu yanakuwa sawa na macho yako. Dada aliniacha nishangae kidogo, kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu nimpigie simu.

"Sasa Mwalimu, watu wakija New York wanataka kuona Sanamu ya Uhuru. Wewe umekuja kuona chura?"

"Chura wa kwetu, dada."

"Wa kwetu wapi?"

"Wa Kihansi."

Akanigeukia mzima mzima. Yeye ni mzaliwa wa Mlimba, mkoani Morogoro, kama mimi, na mtu wa Mlimba hahitaji kuelezwa Kihansi ni wapi. Lakini habari za chura hakuwa amezisikia, kwa hiyo usiku huu, baada ya kula na kabla hajaenda kazini, nilimsimulia kuanzia mwanzo.

Mto Kihansi unatoka juu, milima ya Udzungwa, unajitupa kwenye korongo refu kabla ya kufika bonde la Kilombero. Zamani maji yale yalikuwa yakipiga miamba kwa nguvu mpaka korongo zima linajaa manyunyu, mchana na usiku, masika na kiangazi. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya korongo wakamkuta humo chura mdogo wa rangi ya haradali. Hakuna sehemu nyingine duniani alikowahi kuonekana. Makazi yake yote, ukiyajumlisha, ni kama hekta mbili, ambazo hazifiki viwanja vitatu vya mpira.

Kisha mitambo ikawashwa. Kiasi cha asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakianguka korongoni yakaingizwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mashine, na manyunyu yakakatika.

Hapo dada akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Si ndiyo kazi aliyofanya baba mdogo?"

Ndiyo. Baba alikuwa kibarua kwenye uchimbaji wa mahandaki yale. Mabati ya nyumba yetu yametokana na mshahara huo, na ada yangu ya sekondari pia. Kihansi inatoa megawati 180, na kwa nchi iliyokuwa ikiingia gizani kila mvua zinapokosekana hicho si kitu kidogo. Baba anajivunia kazi ile na mimi najivunia pamoja naye. Ila tangu nianze kufundisha biolojia nimekuwa nikiwaambia wanafunzi habari za chura huyu mwaka hadi mwaka, na sijawahi kumwona kwa macho.

Mwishoni mwa mwaka 2000 walikamatwa vyura 499 wakasafirishwa kwa ndege hadi hapa, bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni kwenyewe yalifungwa mabomba ya kunyunyizia maji badala ya maporomoko, na kwa muda ikaonekana dawa imepatikana, maana mwaka 2003 vyura walikuwa maelfu. Mwaka huohuo wakaanza kufa. Waliokutwa wamekufa walikuwa na kuvu ya kitridi, ile inayoshambulia ngozi ya vyura na ambayo imemaliza jamii nyingi za vyura duniani. Januari 2004 waliohesabiwa korongoni walikuwa watatu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, likatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

"Kwa hiyo waliobaki wote walikuwa huku?"

"Wote walikuwa Marekani, dada. Wengine hapa, wengine mji wa Toledo."

Akasimama kuvaa koti. "Miaka yote hii nawapita na basi," akasema, akatoka.

Jumanne

Nimeshuka kituo cha West Farms Square nikafuata barabara ya Boston Road kwa miguu hadi geti la upande wa Asia. Bustani hii ilifunguliwa Novemba 1899 na ina ukubwa wa hekta zipatazo 107, tena ndani ya jiji. Mto Bronx unapita katikati yake. Ukishaingia, kelele za magari zinapungua hatua kwa hatua, na baada ya dakika kumi unasikia ndege.

Sikusimama popote. Nilifuata vibao hadi nyumba ya reptilia, jengo la matofali ambalo ni miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa. Ndani kuna joto na giza kidogo. Watoto wa shule walikuwa wamejazana kwenye vioo vya nyoka na mamba. Mimi nikapita, nikisoma kibao kimoja kimoja, mpaka nikakutana na neno Tanzania.

Kioo chenyewe si kikubwa. Ndani kuna mawe, kuvumwani iliyolowa na mikangaga midogo. Nilichungulia dakika tatu nzima nisione kitu. Kilichonifumbua macho ni maji. Bomba jembamba lililo juu lilitoa manyunyu, laini kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, na palepale kile nilichodhani ni jani kikainua kichwa. Halafu kingine. Halafu jiwe zima likawa linatembea.

Niliwahesabu hadi 31 nikapoteza hesabu. Jike mkubwa hafiki sentimeta tatu, na dume ni mdogo kuliko hapo. Rangi yao ni njano ya haradali, wengine na mstari wa kahawia ubavuni. Mmoja alipanda kwenye kioo usawa wa pua yangu, akakaa. Vidole vyake ni vyembamba kama uzi wa kushonea. Alikuwa jike mwenye mimba, na ngozi ya tumbo lake inapitisha mwanga kiasi kwamba nilimwona yeye na nilichoweza kuona cha watoto wake, viduara vyeusi vimebanana ndani. Jambo hili nimelichora ubaoni mara nyingi mno. Vyura tuliowazoea hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Hawa wa Kihansi hawapiti huko. Mama anazaa vitoto vilivyokamilika, vyenye miguu yote minne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Ubaoni ni sentensi moja. Pale kwenye kioo nilishindwa kuondoka.

Mama mmoja alikuja na mtoto wa kama miaka minne, akamwinua, mtoto akasema hakuna kitu humu. Nikamwambia asubiri maji. Tukasubiri wote watatu. Manyunyu yalipokuja, mtoto akapiga kelele za furaha, na mama yake akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia natoka anakotoka chura. Akanishika mkono kama vile nimemfanyia jambo kubwa.

Baadaye nilibahatika kuzungumza na mtunza wanyama aliyekuwa akipita. Nilipomtajia Mlimba aliweka ndoo chini. Alinieleza kwa utulivu jinsi walivyokuwa hawajui lolote mwanzoni, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumfuga chura huyu kabla. Minyoo ya mapafu iliwaua wengi. Taa hazikuwa na mwanga wa kutosha unaofanana na wa jua, mifupa ikalegea. Mwaka 2004 vyura wa Marekani walishuka hadi chini ya 40. Nilikuwa nimewahi kuisoma namba hiyo, lakini kusikia mtu anaitamka huku akitazama kioo kilekile ni jambo jingine. Chini ya 40, na korongoni watatu. Jamii nzima ya viumbe ingeweza kuingia ndani ya kofia.

Walichofanya baada ya hapo ni kazi ya mikono na subira. Maji yanachujwa. Taa zilibadilishwa. Chakula ni nzi wadogo wa matunda na vitoto vya nyenje vilivyototolewa siku hizohizo, maana chura mdogo hivyo hawezi kumeza kitu kikubwa, na wadudu hao wenyewe lazima wafugwe. Mtunzaji haendi kwa vyura hawa akitoka kwa wengine bila kubadili viatu na glavu, kwa hofu ya kuvu ileile. Watanzania walikuja kujifunza ufugaji huo, na Agosti 2010 vyura 100 wakarudishwa nyumbani, kwenye maabara iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakafuata wengine zaidi ya 2,000, na hapo ndipo walipoanza kuachiwa korongoni, chini ya yale mabomba ya manyunyu. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa chura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Bado anahitaji kuangaliwa, maana kuvu haijaondoka na manyunyu yanategemea bomba lisizibe.

Jioni nilipita haraka kwenye msitu wa gorila wa Kongo, uliofunguliwa 1999. Unaonyeshwa filamu fupi, kisha pazia linafunguka na nyuma ya kioo kipana kuna gorila halisi amekaa anakutazama. Uliandaliwa ili kiingilio chake kichangie uhifadhi wa misitu ya Kongo yenyewe, na huo ni utaratibu ninaouheshimu. Lakini nakiri nilikuwa pale kwa mwili tu. Kabla ya kufungwa nilirudi kwa vyura. Yule jike alikuwa ameshuka chini ya jani.

Jumatano

Leo watu wamefurika. Dada ametoka zamu saa moja asubuhi na amekataa katakata kulala. Nimempeleka moja kwa moja kwenye kioo. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akatoa simu akapiga picha, akakaribia kioo na kuwasemesha vyura kwa Kindamba, lugha ya bibi zetu, ambayo kwa mdomo wake sijaisikia tangu tukiwa watoto. Sitaandika alichowaambia.

Tulipotoka tukaenda kuwaona baisani, wale nyati wa Marekani wenye manyoya mengi mabegani. Nao wana hadithi inayofanana na ya chura wetu. Walikuwa mamilioni kwa mamilioni, na kufika mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya elfu moja kwa bunduki za watu. Mkurugenzi wa kwanza wa bustani hii, William Hornaday, alikusanya kundi hapa Bronx, na Oktoba 1907 baisani 15 wakapakiwa kwenye treni kwenda hifadhi ya Wichita huko Oklahoma. Wacomanche, wenyeji wa asili wa nyika zile, walikwenda kuwapokea, akiwemo chifu wao Quanah Parker. Walikuwepo wazee waliowajua baisani kama maisha yenyewe, na vijana ambao hawajawahi kumwona hata mmoja. Nilimwambia dada kwamba hapo napaona kama napaishi.

Angekuwa mtu mwingine ningeishia hapo. Lakini nilijua kabla ya kuja kwamba kuna sehemu moja lazima nisimame.

Karibu na bwawa la simba bahari kuna majengo ya zamani, na moja lilikuwa nyumba ya nyani, ambayo sasa haitumiki. Septemba 1906 waliwekwa humo nyani, na pamoja nao akawekwa mtu. Aliitwa Ota Benga, Mmbuti, mtu wa jamii ya wawindaji wa misituni kutoka Kongo, kijana mwenye meno yaliyochongwa kwa desturi ya kwao. Alikuwa ameletwa Marekani mwaka 1904 kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya St. Louis. Hapa akafungiwa pamoja na orangutani, na kibao kikaandika urefu wake na uzito wake, na kwamba ataonyeshwa kila mchana mwezi mzima. Watu walikuja kwa maelfu kumwangalia. Mkurugenzi aliyeruhusu hayo ni Hornaday, huyohuyo aliyewaokoa baisani.

Wachungaji weusi wa jiji, wakiongozwa na James H. Gordon, ndio waliopiga kelele hadi akatolewa. Alilelewa kituo cha yatima Brooklyn, baadaye akahamia Lynchburg, Virginia, akafanya kazi kiwanda cha tumbaku. Alitaka kurudi Kongo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, safari za meli zikawa hazina uhakika, na tumaini hilo likakatika. Machi 1916 alijipiga risasi. Shirika linaloendesha bustani, Wildlife Conservation Society, liliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baada ya tukio.

Nilimsimulia dada haya tukiwa tumesimama mbele ya jengo. Watoto walikuwa wakikimbilia simba bahari nyuma yetu. Aliuliza swali moja tu: "Aliwahi kurudi kwao, hata mwili?"

"Hapana. Alizikwa kulekule Virginia."

Tukakaa kwenye benchi. Baada ya muda akaniuliza kama baada ya hayo yote bado naona bustani za wanyama zinafaa kuwepo. Nikamjibu nilivyofikiri usiku kucha. Chura wa Kihansi hana tabu na sanduku la kioo ikiwa lina manyunyu yake, kwa kuwa hata porini anaishi kwenye eneo dogo, na muhimu zaidi, aliletwa kwa nia ya kurudishwa, na amerudishwa. Kwa tembo siwezi kusema hivyo. Hapahapa Bronx kulikuwa na kesi ya tembo aitwaye Happy. Watetezi wake walitaka mahakama imtambue kama mwenye haki ya kuachiwa kwenda hifadhi kubwa zaidi. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo iliwakatalia, majaji watano dhidi ya wawili. Mimi si mwanasheria. Lakini nimewaona tembo wakivuka bonde la Kilombero, najua wanatembea kiasi gani kwa usiku mmoja, na ningekaa upande wa wale wawili.

Dada akasema, "Basi swali la kumuuliza kila aliyemfungia mwingine ni moja, atarudi lini." Kisha akasinzia palepale kwenye benchi, kichwa begani kwangu, maana alikuwa macho tangu jana.

Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Sikuingia bustanini, nimekwenda kwenye bustani ndogo ya mapumziko iliyo nje, upande wa kusini, ambako Mto Bronx unaanguka kwenye ukingo wa zamani uliojengwa na watu. Ni maporomoko mafupi, hayazidi kimo cha nyumba. Lakini mvua ilikuwa imeujaza mto, na ukisimama karibu na uzio manyunyu yanakufikia usoni.

Pembeni ya ukingo kuna ngazi ya samaki, mfereji uliokatwa kwa vyumba vyumba ili samaki wanaotoka baharini waweze kupanda hadi juu kutaga, walivyokuwa wakifanya kabla ukingo haujawazuia. Na mwaka 2007 humu mtoni alionekana biva, mnyama anayeangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa, ambaye jiji la New York lilikuwa halijamwona porini kwa miaka takriban 200. Huyo hakuletwa na mtu. Mto ulisafishwa na watu wa mtaa, wakitoa matairi na magari yaliyotupwa, naye akaja mwenyewe.

Nikiwa pale simu ikaita. Ni baba, kutoka Mlimba. Jana usiku nilimtumia video ya dakika moja, na huko ilikuwa alfajiri, kwa hiyo ameshaitazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeiona hiyo kitu yako. Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mdogo hivi?" Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia kuku na redio. "Miaka ile yote nilikuwa pale, sijamwona hata mmoja. Tulikuwa tunapita kwenye yale majani na mabuti."

Sikujua la kumjibu, na yeye hakuwa anangoja jibu.

"Maji wanapata wapi huko?"

"Kuna bomba juu yao, baba. Linanyunyiza kila baada ya muda."

"Kama walivyofunga kule korongoni."

"Kama kule."

"Haya. Ukirudi tutapanda wote tukaliangalie kama linatoa maji," akasema, salio likakatika.